Cairo niliyoijua kwa masikio

Watu wengi nikiwauliza ni mji gani waliuota toka utotoni wananitajia mji waliouona mahali, kwenye kalenda ya ukutani, kwenye muvi, siku hizi ndo kabisa TikTok imemaliza kila kitu. Wa kwangu sikuwahi kuuona. Niliusikia. Na nadhani ndo maana haukunitoka kichwani, maana picha ukishaiona imeisha, sauti inakuachia kazi yote, nyumba ujenge wewe, barabara uchore wewe, watu uwavalishe wewe, na mtoto wa darasa la tatu akiachiwa kazi hiyo anajenga mji ambao hakuna serikali ingeweza kuugharamia.

Mzee wangu alikuwa fundi redio Kirumba, Mwanza, banda la mbao si mbali na Mwaloni pale wanapouza dagaa, kwa hiyo redio nyingi zilizoletwa zilikuwa za wavuvi na zilinuka dagaa mpaka ndani ya spika. Alikuwa na sheria yake moja: redio haitoki bandani mpaka ishike mbali. Kushika stesheni ya hapa hapa alikuwa anaona si lolote, anasema hata redio mgonjwa inashika ya jirani. Basi jioni akishamaliza kuchomea, anafunga waya wa eriali kwenye tawi la muembe, anaweka betri (zile zilizoanikwa juani mchana kutwa ili zipate nguvu kidogo, wa umri wangu mnajua), anaanza kuzungusha kitufe taratiiibu kwenye masafa mafupi. Shwaaa, filimbi, lugha sizijui, shwaaa tena, halafu ghafla Kiswahili. Ilikuwa BBC, au Deutsche Welle, na siku hewa ikikubali ilikuwa Cairo.

Nimekuja kujua ukubwani kwamba Radio Cairo ilianza kuongea Kiswahili mwaka 1954, enzi za Gamal Abdel Nasser, huku kwetu kote bado bendera ni ya Mwingereza, na wazee wanasema Mwingereza hakupenda hata kidogo yale yaliyokuwa yanasemwa mle. Nilivyokuja mimi duniani vita hiyo ilishaisha siku nyingi, zilibaki habari, salamu, na nyimbo ndefu ambazo mwimbaji anaurudia mstari mmoja mpaka wewe umekula ugali umemaliza umenawa na yeye bado yupo pale pale. Mzee alikuwa haelewi hata neno moja la zile nyimbo. Alikuwa anafumba macho tu, bisibisi mkononi.

Na kwa sababu masafa mafupi yanashika vizuri usiku, Cairo yangu ilikuwa haina mchana. Nasema kweli, sikuwahi kuwaza kwamba kule nako kuna saa nne asubuhi, watu wanaenda sokoni, mtoto anachelewa shule. Ulikuwa mji wa giza na taa, una bahari ya mawimbi ya redio katikati, na watu wake wote wana sauti nzuri.

Halafu ikaja 2003. Wenye Simba yao hapa hawahitaji kuelezwa lakini wale wengine nawakumbusha kwa upendo: Zamalek, timu ya mpira ya Cairo, ndo walikuwa mabingwa watetezi wa Afrika, tukawapiga 1-0 Dar, tukaenda Cairo tukafungwa 1-0, ikaenda penati, golikipa wetu Juma Kaseja akafanya aliyoyafanya, tukapita 3-2. Habari ilivyofika Kirumba watu walitoka nje wanapiga sufuria. Mimi ndo nikaamua siku ile ile kwamba lazima nifike huko kwa miguu yangu, maana sasa ulikuwa mji ambao watu wetu wameenda wakarudi na kitu mkononi.

Ilichukua miaka mingi sana. Nina duka la simu sa hivi, kutengeneza na vipuri, na hela ya duka la simu inaingia kwa buku buku inatoka kwa laki. Kilichonisukuma ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alipata nafasi ya kusoma chuo cha Al-Azhar huko Cairo, akapanga mtaa wa Nasr City na wenzake Watanzania na Wakomoro, akanipigia akasema, "Kaka, godoro lipo, we lete nauli yako na dagaa." Nikaenda nao, wamefungwa kwenye mifuko mitatu mmoja ndani ya mwingine na bado begi zima lilinuka, nikajisikia nyumbani hata kabla sijapanda ndege.

Nilitua alfajiri bado giza, kwa hiyo mji ukanipokea vile vile nilivyouzoea, taa kibao na sauti kwa mbali. Shida ilianza kulivyokucha. Nimelala kidogo tu nikasikia ng'aa, ng'aa, ng'aa-ng'aa, chuma kwa chuma, nikamtikisa mdogo wangu, ambaye namwita ustaadh, nikamuuliza nani anatengeneza gari kwenye ngazi saa moja asubuhi. Akacheka bila kufumbua macho, akasema huyo anauza gesi. Nikachungulia dirishani, kweli bana, jamaa ana mitungi kaipakia, anaugonga mmoja kwa spana mtaa mzima, hasemi neno, wenye shida ya gesi wanatoa vichwa nje. Nyuma yake akapita mwingine na spika anavuta "bikyaaa, bikyaaa", huyo ananunua vitu chakavu, redio mbovu, feni, majiko, ni wale wale wa kwetu wa chuma chakavu ila huyu ana sauti ya kuadhini. Ghorofa ya nne mama mmoja akashusha kikapu kwa kamba, ndani kuna hela, kijana chini akachukua hela akaweka mikate, kikapu kikaanza kupanda kikasimama katikati, mama akagundua chenji haijatimia, basi wakabishana hapo hapo, yeye juu kijana chini, kikapu kinaning'inia kati yao kinasubiri hukumu. Kijana akaongeza sarafu. Kikapu kikapanda.

Sikupiga picha. Nilitoa simu nikaishika nje ya dirisha nikarekodi, nikamtumia mzee kwa WhatsApp na shikamoo yake mwishoni. Mzee sa hivi macho yamechoka lakini masikio hayajambo. Akanijibu baada ya muda, "Marahaba mwanangu. Nimesikiliza. Huyo wa gesi, spana yake ni kumi na saba." Basi. Ndo maoni yake yote juu ya mji mkuu wa Misri.

Tangu hapo safari yangu ikawa ya voisi. Kila nilipoenda nilikuwa najiuliza hapa mzee atasikia nini, na ukishaanza kutembea hivyo mji unabadilika kabisa, unaacha kuangalia juu unaanza kutega sikio. Honi kwa mfano. Wiki ya kwanza unaona wamechanganyikiwa, baadaye unagundua wanaongea, kuna fupi ya "nipo hapa", kuna mbili za "asante", kuna ya harusi ambayo msafara mzima unaipiga kwa mdundo mmoja, na kuna ndefu ambayo ustaadh alikataa kunitafsiria kwa sababu ya elimu anayosomea. Vipanya vyao makonda wanaita "Ramsis Ramsis Ramsis" kwa mapafu yale yale ya konda wa Buzuruga, na abiria barabarani anaonyesha anakoenda kwa vidole, kila eneo na ishara yake, sijawahi kuzijua zaidi ya mbili na moja ilinipeleka kusiko.

Metro nayo. Ilifunguliwa 1987, ya kwanza Afrika nzima, na ukitoka kwenye jua na kelele za Tahrir ukashuka ngazi zile unategemea kupumzika, wapi, ndani ya behewa kuna anayeuza soksi, anayeuza chaja, anayeuza vitabu vidogo vya dua, kila mmoja anasubiri mwenzake amalize hotuba ndo aanze yake. Ile heshima ya kupokezana ilinifurahisha kuliko treni yenyewe.

Maspero nilikuwa nimeitunza. Ndo jengo la redio na televisheni, liko kando ya Nile, lilifunguliwa 1960, jina limetokana na yule Mfaransa wa mambo ya kale Gaston Maspero, chini duara pana halafu mnara unapanda kutoka katikati. Nilisimama ng'ambo ya barabara kwa sababu askari walikuwa wengi na sikutaka kutoa simu mbele yao, nikaangalia antena juu, nikawa najaribu kuunganisha: hii hapa, waya, hewa, jangwa lote la Sudan, ziwa, muembe, bisibisi. Sikuweza. Ni mbali mno. Nikasogea mpaka kwenye ukuta wa mto nikarekodi magari na boti moja iliyokuwa inapita na muziki juu kabisa, nikatuma, nikaandika "Baba hapa ndo Maspero, nyuma yangu kuna mto." Mzee akarudisha voisi fupi. "Kumbe na wao wako kando ya maji." Nilisikia anavuta pumzi kama anataka kuongeza kitu, halafu ikakatika.

Kesho yake ustaadh alikuwa hana darasa tukaenda kisiwa cha Roda, na kama una siku moja tu Cairo mimi nasema achana na ratiba zote nenda Roda. Pale ncha ya kusini kuna makumbusho ya Umm Kulthum, padogo tu, magauni yake, barua, vile vitambaa vyake vya mkononi na ile miwani nyeusi. Huyu mama alikuwa anaimba redioni Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi na nchi za Kiarabu zinatulia kumsikiliza, alifariki Februari 1975 na mazishi yake yalifunga mji. Kuna chumba wanaonyesha filamu yake. Nikakaa. Akaanza kuimba, na mstari wa kwanza alivyourudia mara ya pili, ya tatu, ya nne, kila mara kaukunja kidogo pembeni, nikajua ndo huyu, ndo yule aliyekuwa anatumalizia ugali. Miaka yote hiyo sikuwa najua jina lake. Na ukitaka kujua kwa nini taarab ya Unguja inalia vile, jibu nalo liko mji huu, wanasema Sultani Barghash alimtuma Mohamed Ibrahim kuja Cairo kujifunza kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi, akarudi akafundisha wengine, na 1905 kikundi cha Ikhwani Safaa wakaanza yao. Kwa hiyo tuseme mzee wangu hakuwa anasikiliza muziki wa wageni, alikuwa anamsikiliza bibi wa muziki wa kwao.

Hatua chache tu kutoka hapo kuna kipimo cha mto, Nilometer, kimejengwa mwaka 861. Ni kisima kikubwa cha mawe, katikati nguzo ya marumaru yenye pembe nane, imechorwa alama za dhiraa (urefu wa kiwiko mpaka ncha za vidole), maji ya Nile yalikuwa yanaingia kwa mifereji ya chini, mtu anasoma yamefika alama gani. Yakiwa machache njaa inakuja, yakifika kama dhiraa kumi na sita mwaka mzuri, yakizidi sana mafuriko, na kodi ya wakulima ilikuwa inapangwa kutokana na hapo. Bwawa kubwa la Aswan lilivyokamilika 1970 mafuriko ya kila mwaka yakaisha na kazi ya nguzo ikaisha, mifereji wameiziba, unashuka ngazi za kando ya ukuta mpaka chini kabisa pakavu. Mlinzi akaniambia kwa ishara nipige kofi. Nikapiga moja. Lile kofi likapanda, likazunguka kwenye kuba lile lililonakshiwa, likarudi chini limenona. Nikapiga tena, nikarekodi, nikatuma. Mzee akauliza hiyo spika ni ya wapi.

Sasa mtu wa Mwanza ukishafika kwenye kipimo cha Nile kinywa kinakuwasha. Dereva wa teksi aliyeturudisha alivyosikia natokea ziwa Victoria akaniambia karibu, asante kwa maji, nami nikataka kupokea shukrani yote kwa niaba ya kanda ya ziwa, ila ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya maji yanayofika Misri, kama asilimia 85, inatoka milima ya Ethiopia, ya kwetu mengi yanapotelea kwenye vinamasi vya Sudd kule Sudan Kusini. Tuna mgogoro wetu wa kifamilia lakini. Kuna mkataba wa 1929, Mwingereza alikubali kwa niaba ya makoloni yake kwamba maji yasiguswe bila Misri kuridhia, Nyerere mwaka 1962 akasema Tanganyika haifungwi na karatasi hiyo, na leo Kahama na Shinyanga wanakunywa maji ya ziwa. Nilimweleza dereva, ustaadh anatafsiri, sina uhakika alitafsiri yote. Dereva akafikiri, akasema Mungu ndo mwenye maji, halafu akaniongezea nauli.

Na samaki! Hili hakuna aliyewahi kuniambia. Nimeingia sokoni nakuta sato. Sato kabisa, wao wanamwita bolti, wanampaka pumba za ngano mwili mzima wanamtupa juu ya moto mpaka anakuwa mweusi tii, unavunja lile ganda ndani nyama nyeupe inatoa mvuke, unapiga limao na mkate. Nilikuwa najua huyu ni mtu wetu. Kumbe yeye na sangara wote walipandikizwa ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950, majina yao ya kisayansi yenyewe yana Nile ndani, mto huu ndo kwao, sisi ndo tumepokea wageni tukawajengea viwanda.

Piramidi nilienda, ndiyo, usiniulize. Ni kubwa kuliko unavyodhani, lile la Khufu lilikuwa mita 146 likiwa jipya, na fleti za Giza zimelisogelea karibu kuliko picha zinavyokuonyesha. Lakini halikuwa kwenye redio yangu. Mwenye ngamia mmoja alikuwa anajua kusema "mambo vipi" na "hakuna matata" na hakuna kingine, nikapanda kwa kumuonea huruma.

Usiku ndo nilikuwa naupata mji wangu. Mitaa ya Hussein, ng'ambo ya Al-Azhar, msikiti ulioanza kujengwa mwaka 970 na bado mdogo wangu anasomea karibu yake fiqhi za kesho, unakaa kwenye kiti cha mbao na chai ya majani ya mnanaa, vijiko vinagonga glasi, domino zinapigwa mezani, na redio ya duka la jirani iko kwenye Qur'ani, sauti ya Abdul Basit, ile ile ya kaseti tulizokuwa tunafungulia Ramadhani Mwanza. Amefariki 1988 na anasoma mpaka leo duka kwa duka. Mzee mmoja meza ya pili akauliza tunatoka wapi. Tanzania. Akasema Simba. Nikasimama kumpa mkono, akaukataa kwanza, akaweka kidole kifuani kwake akasema Zamalek, akanyoosha vidole, viwili, mkono mwingine akakunja sifuri mbili, halafu tatu. 2003! Miaka yote hiyo na bado inamuuma. Nikamlipia chai. Na kuanzia hapo kila nilipovuka daraja la Qasr el-Nil, lenye wale simba wanne wa shaba kwenye ncha zake, nilikuwa nawasalimia wote, ustaadh ambaye ni Yanga anatangulia mbele kama hanijui.

Alexandria tulienda kwa treni kutoka stesheni ya Ramsis, njia hiyo ilikamilika 1856 na ndo reli ya kwanza Afrika, kama kilomita mia mbili za mashamba ya kijani mpaka macho yanachoka. Huko zamu yangu ya kumtania ustaadh ikaendelea kwa sababu 2014 Yanga walitolewa na Al Ahly huko huko, kwa penati, 4-3, baada ya kuwafunga 1-0 Dar. Mji wenyewe una upepo, mawimbi ya bahari yanapiga juu ya ukuta mpaka gari zinalowa, maktaba mpya ya 2002 imeinama kuelekea maji, ngome ya Qaitbay imekaa palipokuwa na ule mnara wa taa wa kale. Nilipenda. Ila nimeishi kando ya maji maisha yangu yote na siku ya pili nikawa nauliza, mto uko wapi?

Haupo. Nile haiishii Alexandria, inaishia Rashid na Dumyat. Tukapanda kipanya kwenda Rashid, saa moja na zaidi kidogo, mji mdogo wa nyumba ndefu za matofali mekundu na meusi, ndo kule askari wa Ufaransa waliokota lile jiwe la maandishi la Rosetta mwaka 1799, jiwe lenyewe liko London. Ufukweni mafundi wanaunda boti za mbao, wanagonga, misumari mirefu, nikasimama pale nikaona Mwaloni kabisa, ile harufu, zile nyavu, watoto wanaruka majini wakiwa na nguo. Mto mpana, mzito, umechoka, una haki ya kuchoka, zaidi ya kilomita 6,600. Wanasema tone likitoka ziwani pale Jinja, Uganda, linatumia kama miezi mitatu kufika Mediterania.

Nikamrekodia mzee nyundo na maji na watoto. Nikamwambia, "Baba, hapa ndo mwisho wa mto, nimeufikia." Akajibu haraka safari hii, nadhani alikuwa ameshika simu. "Hongera sana. Na pale unapoanzia Jinja umeshafika?"

Sijafika. Mtu wa Mwanza, nimepanda ndege kwenda kuona unapoishia, unapotokea ziwani kwetu sijawahi hata kupita. Ustaadh alicheka mpaka akakaa chini. Mzee anasema hiyo ataenda na mimi, hataki voisi. Nimeanza kuulizia mabasi ya kupitia Mutukula, mpakani na Uganda, sasa mwenye uzoefu wa njia ile na mtu mzima aniambie, ni bora tulale Bukoba au tujikaze mpaka Masaka?